Presha ya kitini haina neno, ya kitandani iko juu: kisa cha mhasibu wa miaka 54

Alipoingia mara ya kwanza alikuwa ameshika karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo aliyopewa kwenye uchunguzi wa afya wa kazini kwake. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Moyo mnene kushoto? Aonwe na daktari." Mwanaume wa miaka 54, mhasibu, havuti sigara, na kila asubuhi hutembea kwa miguu nusu saa kabla ya kuanza kazi. Nilimpumzisha dakika tano, mgongo kwenye kiti, mkono juu ya meza, nikampima mara tatu: 130/82, 126/78, 126/80. Nikamuuliza kama kuna dawa anazotumia, akasema hakuna. Nikamwambia, "Mzee wangu, presha yako haina neno," nikampangia arudi baada ya miezi sita.

Kauli hiyo ndiyo imenifanya niandike kisa hiki. Namba nilizozisoma zilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kuchukua presha ya saa 4 asubuhi, ya mtu aliyekaa kitini akiwa macho, nikaihesabu kuwa ndiyo presha yake mchana na usiku. Na lile swali lililoandikwa pembeni mwa karatasi nikaliacha bila jibu.

Hakungoja miezi sita. Baada ya wiki tano alirudi, safari hii pamoja na mkewe.

Safari ya pili

Malalamiko yalikuwa matatu. Kichwa kinamuuma kisogoni kila akiamka, kisha kinapoa chenyewe kabla ya saa 3 asubuhi. Usiku anaamka kukojoa mara tatu. Na mchana ana usingizi usioisha. Mara mbili amesinzia kikaoni mbele ya mkuu wake. Kwa sababu ya umri alidhani ni tezi dume, akaenda kupimwa kwingine. Tezi dume ikaonekana salama, na sukari ya damu pia.

Tukisikia mwanaume aliyevuka miaka 50 anaamka kukojoa, akili zetu hukimbilia tezi dume. Kuna swali dogo ambalo lingetuongoza vizuri zaidi: mkojo wenyewe ni mwingi au kidogo? Tezi dume iliyovimba humpa mtu mkojo kidogo kidogo, wa kusubiri na kusukuma. Yeye alijibu, "Ni mwingi, daktari. Kila nikiamka ni kama wa asubuhi." Maana yake kibofu hakikuwa na kosa. Figo zilikuwa zinatengeneza usiku mkojo ambao kwa kawaida hutengenezwa mchana.

Nilipima upya. Kitini, 128/80. Kwenye mkojo kulikuwa na albumini, aina ya protini ya damu, miligramu 64 kwa kila gramu ya kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo), wakati kawaida ni chini ya 30. Ultrasaundi ya moyo ilionyesha ukuta wa chumba cha chini cha kushoto una unene wa milimita 13. Kwa mwanaume kawaida ni kama 10. Potasiamu ya damu ilikuwa sawa, na figo zilikuwa bado zinachuja vizuri. Moyo unaonenepa na figo zinazovujisha protini ni dalili za mtu aliyeishi na presha ya juu muda mrefu, na huyu hana siku hata moja aliyokutwa nayo.

Nikamgeukia mkewe. "Mama, wewe ndiye unayelala naye. Usiku yukoje?"

"Anakoroma sana," akasema. "Lakini kukoroma nimeshazoea. Kinachoniamsha ni akinyamaza. Nabaki nasikiliza kama atavuta tena."

Alikuwa amemrekodi kwa simu. Nilizima feni tusikie. Mkoromo, mkoromo, kisha kimya kabisa. Nilitazama mshale wa saa ya ukutani: sekunde 31. Halafu pumzi moja ya nguvu kama ya mtu anayeibuka kutoka majini, na kitanda kikalia. Mgonjwa alikuwa hajawahi kujisikia. Aliinamisha kichwa, akauliza taratibu, "Mimi huyo?"

Saa 24 mkononi

Tulimfunga mashine ya kupima presha kwa saa 24. Ni kifaa kidogo cha kuvaa kiunoni, chenye mrija unaopanda hadi kwenye mkanda wa mkononi. Chake kilipangwa kupima kila dakika 20 mchana na kila dakika 30 usiku. Nilimpa na daftari la kuandika saa ya kula, saa ya kupanda kitandani, kila alipoamka na saa ya kutoka kitandani. Daftari hilo watu hulidharau, lakini bila hilo hujui kipimo kipi ni cha usingizi na kipi ni cha mtu aliyelala macho wazi akitazama dari.

Tangu mwaka 1969, kikundi cha Oxford kilipotumia mrija ndani ya mshipa kurekodi presha ya watu wanaoendelea na shughuli zao, ilionekana wazi kwamba presha hushuka mtu anapolala. Mwaka 1988 Eoin O'Brien na wenzake wa Ireland walitoa makala fupi iliyowagawa watu mafungu mawili: ambao presha yao hushuka usiku, na ambao haishuki. Tunachotarajia ni mteremko wa asilimia 10 hadi 20 ukilinganisha na mchana. Kaskazini-mashariki mwa Japani, katika utafiti wa Ohasama uliochapishwa mwaka 2002, kila mteremko ulipopungua kwa asilimia 5 hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa iliongezeka kwa takriban asilimia 20, na hili lilionekana hata kwa watu ambao wastani wa presha yao ya saa 24 haukuwa juu.

Majibu yake yalikuwa haya. Wastani wa mchana 131/81, chini ya mpaka wa 135/85 tunaoutumia kwa mashine hii. Wastani wa usiku 138/82, ilhali mpaka wa usiku ni 120/70. Presha haikushuka alipolala. Ilipanda kwa asilimia 5.

Wastani huficha mengi, kwa hiyo niliusoma usiku wake kipimo kwa kipimo. Alilala saa 5 na dakika 40. Saa 6 usiku, 124/74. Nusu saa baadaye, 126. Kisha ikaanza kupanda kama mtu anayepanda ngazi bila haraka: 130, 134, 140. Saa 9 kasoro ilikuwa 146/88. Muda mfupi kabla ya kuamka ikafika 152/90, na saa 11 na nusu alfajiri akatoka kitandani na kichwa chake kinamuuma. Picha hiyo, ya usiku ulioanza vizuri na kuharibika kadiri unavyosonga, nitairudia.

Kabla ya kuamini, nilijiuliza maswali mawili. Huenda vipimo vya juu ni vya zile safari za msalani? Daftari lilionyesha nyakati tatu alizoamka. Niliviondoa vipimo vilivyokaribiana nazo, na wastani wa usiku ukabaki 136. Swali la pili: je, mashine yenyewe si ndiyo iliyomharibia usingizi kwa kujaza hewa kila nusu saa? Hilo hutokea, na mteremko wa usiku hubadilika mtu yuleyule akipimwa mara mbili. Kwa hiyo tulirudia baada ya wiki tatu. Usiku, 136/81. Hapo nikakubali: huyu ana presha ya juu ya usingizini, na kitini haionekani.

Jana jioni ulifanya nini?

Mtu ukimuuliza kama anakula chumvi nyingi atakwambia hapana, na anaamini anachosema. Ukimuuliza anakunywa kiasi gani, atakwambia kidogo. Kwa hiyo sikuuliza desturi yake. Nilichukua karatasi tupu, nikachora mstari kutoka saa 11 jioni hadi saa 12 asubuhi, nikamwambia, "Nisimulie jana. Jana peke yake."

Saa 11 jioni alikunywa kikombe cha mwisho cha kahawa. Alifika nyumbani saa 2 usiku, na kwa kuwa mchana hakuwa amekula kitu cha maana, alifika na njaa ya siku nzima. Saa 3 na nusu alikula chakula kikubwa. "Chumvi uliongeza?" Mkewe ndiye aliyejibu: huongeza kabla hajaonja. Baada ya kula alichukua glasi mbili za pombe kali, ambazo mwenyewe aliziita za kuletea usingizi. Saa 5 akapanda kitandani na simu, akajibu ujumbe wa kazi. Saa 5 na dakika 40 akalala. Saa 11 na nusu alfajiri akaamka. Hata kama asingeamka katikati, hizo hazifiki saa sita.

Nikamuuliza kama kuna kitu kingine chochote kilichoingia mdomoni kati ya kula na kulala. Akatikisa kichwa. Mkewe akafungua mkoba, akatoa boksi la dawa. "Na hizi je?"

Zilikuwa dawa za maumivu za kuyeyusha kwenye maji, zile zinazotoa povu. Goti lilikuwa linamsumbua tangu mwaka uliopita, naye kila usiku aliyeyusha vidonge viwili. Goti likizidi, aliongeza ibuprofeni. Nilipomuuliza habari ya dawa safari ya kwanza alijibu "hakuna" kwa moyo mweupe, kwa sababu kwake kile kilikuwa kinywaji cha goti na dawa ni kitu kinachoandikwa na daktari.

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa jambo hili ni la kawaida na halisemwi inavyostahili. Povu lile hutokana na chumvi za sodiamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli ya kuyeyusha chenye miligramu 500 za dawa kinaweza kubeba takriban miligramu 400 za sodiamu. Viwili ni 800, yaani sodiamu iliyomo kwenye gramu 2 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku nzima, ambazo ni gramu 5 za chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Huyu alikuwa akinywa asilimia 40 ya kipimo cha siku ndani ya glasi moja, dakika chache kabla ya kulala, juu ya chakula ambacho tayari kilikuwa na chumvi. Nayo ibuprofeni huzifanya figo zishikilie chumvi na maji, na hupandisha presha hata kwa mtu asiyekula chumvi nyingi. Vitu viwili alivyovitumia kutuliza goti vilikuwa vinavuta kamba upande mmoja.

Kwa nini usiku

Figo hutoa chumvi kwa kusukumwa na presha ya damu. Zikiwa na uwezo wa kuimaliza chumvi ya siku wakati wa mchana, usiku hupumzika na presha hushuka. Zikielemewa, au chumvi nyingi ikiingia saa za mwisho, mwili huiweka presha juu usiku ili kazi iliyobaki imalizike. Mtu huyo hupata presha ya juu usingizini pamoja na mkojo mwingi, vyote kwa chanzo kimoja. Mwaka 1997 watafiti wa Japani waliwapunguzia chumvi wagonjwa wa presha ambao mteremko wao wa usiku ulikuwa umepotea, na mteremko ukarudi. Zile safari tatu za msalani zilizompeleka kupimwa tezi dume zilikuwa zinazungumza habari ya chumvi.

Kisha pumzi. Njia ya hewa kooni inapojifunga usingizini, kifua hujitahidi bila hewa kuingia, oksijeni ya damu hushuka, na ubongo hutoa amri ya dharura: mishipa inabana, moyo unakimbia, mtu anazinduka nusu bila kujua, anavuta hewa, na presha inaruka. Halafu analala tena na mchezo unaanza upya. Kipimo cha usingizi alichokifanya nyumbani kilihesabu matukio 22 kwa saa, kiwango cha kati, na oksijeni ilifika chini hadi asilimia 81. Akilala chali matukio yaliongezeka maradufu kuliko akilala ubavu. Tena kumbuka kwamba mashine ya presha hupima mara moja kwa nusu saa. Miruko mingi ilipita kati ya kipimo na kipimo bila kuandikwa.

Chumvi na pumzi havikai mbalimbali kama nilivyovitenganisha hapa. Nilipomvua viatu, alama ya soksi ilikuwa imezama kwenye vifundo vyote viwili, mfereji unaouona na kuugusa. Mtu anayekaa kitini kutwa akiwa na chumvi nyingi mwilini huhifadhi maji miguuni; akilala, maji yale hupanda, na sehemu yake hufika shingoni na kuibana njia ya hewa. Kwa hiyo chumvi yake ya saa 3 na nusu ilimpandishia presha kupitia figo, na ilimpandishia tena kupitia koo.

Na pombe. Ile ngazi niliyosema nitairudia ndiyo hii. Pombe hulegeza mishipa saa chache za kwanza, presha ikashuka. Ndiyo maana saa 6 usiku alikuwa na 124/74 na angeonekana mzima. Inapoendelea kutoka mwilini, mambo hugeuka: mapigo yanapanda, usingizi unakatika katika, presha inapanda. Wakati huohuo misuli ya koo iliyolegezwa na pombe hujifunga kirahisi zaidi, na kukoroma kunakuwa kukatika kwa pumzi. Alikuwa mkweli aliposema pombe humletea usingizi. Humletea kweli. Usingizi wa saa mbili za mwanzo, kwa gharama ya saa zilizobaki.

Kahawa ya saa 11 jioni nilimwomba aisogeze iwe kabla ya saa 6 mchana, kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini saa kama tano baadaye, lakini sikuipa uzito mkubwa. Simu kitandani niliipa uzito zaidi, na si kwa sababu ya mwanga wake. Ujumbe wa kazi saa 5 usiku humwamsha mtu kichwani hata akiwa amelala kimwili, na ulimla dakika 40 za usingizi ambazo hakuwa nazo.

Tulivyoanza, na kilichotokea

Kwa mtu ambaye moyo na figo vimeshaguswa, wenzangu wengi wangeanza dawa siku hiyohiyo, na nisingebishana nao. Nilimweleza njia zote mbili. Tulikubaliana wiki sita za kubadilisha jioni yake kwanza, kwa sababu mbili: presha ya mchana ilikuwa karibu na kawaida, na vitu vilivyokuwa vinapandisha ya usiku tuliviona kwa macho juu ya meza, ndani ya lile boksi. Tuliwekeana sharti kwamba wiki ya sita ikifika na usiku bado uko juu, dawa inaanza bila mjadala mpya.

Vidonge vya povu na ibuprofeni viliondoka siku ileile. Goti halikuachwa hivi hivi: alifundishwa mazoezi ya kuimarisha paja, na akapewa parasetamoli ya kawaida ya kumeza kwa siku za maumivu makali tu, kwa kuwa utafiti wa Edinburgh wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata hiyo, ikinywewa gramu 4 kila siku, huinua namba ya juu kwa takriban 5. Alianza kula mchana. Chakula cha jioni kikawa kidogo na kikasogezwa hadi saa 1 na nusu, siku mbili kwa wiki akibeba chakula kazini ili asifike nyumbani na njaa. Chupa ya chumvi ikatoka mezani. Hilo alilifanya mkewe bila kumuuliza mtu. Pombe aliacha. Nilimwambia pia alale ubavu, na akashonewa mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia wenye mpira mdogo ndani, ili akigeuka chali umkere ageuke tena.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Usingizi ulikuwa hauji bila zile glasi, na alinipigia siku ya tano akisema anaona afadhali ya zamani. Nilimwambia ukweli: mwili uliozoea kusindikizwa na pombe hugoma kwanza, na aliyekuwa akinywa zaidi ya hapo asiache ghafla bila usimamizi wa daktari. Kufika siku ya 12 alikuwa analala mwenyewe.

Wiki ya sita tukapima tena saa 24. Mchana 127/79. Usiku 126/76. Namba ya juu ya usiku ilikuwa imeshuka kwa 12 kutoka kipimo cha kwanza bila kidonge hata kimoja cha presha. Alikuwa anaamka kukojoa mara moja, na maumivu ya kichwa ya asubuhi yalikuwa yamekwisha. Alifurahi sana. Mimi pia nilifurahi, lakini mpaka ni 120/70, na mteremko wake ulikuwa haufiki hata asilimia 1. Sharti letu likafanya kazi: alianza telmisartani, dawa ya presha ambayo hukaa mwilini zaidi ya saa 24 na husaidia figo zinazovujisha albumini, na akapewa mashine ya sipapu, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa ili njia ya koo isijifunge. Colin Sullivan wa Sydney aliielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na mpaka leo ndiyo tiba kuu ya pumzi zinazokatika.

Aliniuliza swali zuri: "Kama tatizo ni la usiku, dawa si niinywe usiku?" Kuna utafiti mkubwa wa Hispania wa mwaka 2019, Hygia, uliodai faida kubwa ya kunywa dawa za presha usiku, lakini namna ulivyofanywa ilitiliwa shaka na wataalamu wengi. Mwaka 2022 utafiti wa TIME wa Uingereza, wenye watu zaidi ya 21,000, haukukuta tofauti kati ya asubuhi na usiku kwa mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo vya mishipa. Nilimwambia ainywe asubuhi, mara arudipo kutoka kutembea, kwa sababu hiyo ndiyo saa ambayo hasahau.

Sipapu ilimshinda mara ya kwanza. Kinywa kilikauka, barakoa ikamchora usoni, na mwezi wa kufunga hesabu za mwaka ulipofika aliiweka chini ya kitanda kwa wiki mbili, akalala saa nne kwa usiku, na chakula kikarudi saa 4. Nilijua kwa ujumbe wa mkewe: "Daktari, amenyamaza tena." Hatukumkaripia. Tulibadilisha ukubwa wa barakoa, tukaongeza unyevu wa hewa, na akarudi.

Mwezi wa tano tangu siku ya kwanza: mchana 124/76, usiku 112/66. Mteremko wa karibu asilimia 10. Albumini ya mkojo ilishuka kutoka 64 hadi 27.

Nisichoweza kukigawa

Watu huniuliza kipi kilifanya kazi kubwa kati ya chumvi, pombe, vidonge vya povu, kulala ubavu na saa zilizoongezeka za usingizi. Kwa wiki zile sita vyote vilibadilika pamoja, na mtu mmoja hawezi kutoa jibu hilo. Nikilazimishwa nitaanza na boksi la dawa na chumvi ya jioni, kwa kuwa safari za msalani zilipungua ndani ya wiki ya kwanza, kabla usingizi wake haujatengemaa. Hiyo ni hukumu yangu kwa mgonjwa huyu. Kwa mwingine pumzi zitakuwa ndizo nzito.

Mashine ya saa 24 haipatikani kila mahali, na wapo watakaosoma wakijiona humu: wanaokoroma na kunyamaza, wenye kisukari au ugonjwa wa figo, walioambiwa moyo umenenepa na presha ni nzuri. Kama mashine haipo, mtu apime nyumbani kabla ya kulala na tena asubuhi mara baada ya kuamka na kukojoa, kabla ya kifungua kinywa na dawa, kwa siku saba, ampelekee daktari namba zote bila kuchagua. Presha ya asubuhi iliyo juu kuliko ya jioni ni sababu ya kuuliza kuhusu usiku. Mke au mume asimwamshe mwenzake saa 8 usiku ampime. Presha ya mtu aliyeamshwa si presha ya usingizi. Mashine chache za nyumbani zinaweza kutegeshwa zipime zenyewe mtu akiwa amelala, na hizo zinafaa. Anayetumia dawa za presha asiache wala kubadilisha saa kwa kusoma kisa cha mtu mwingine.

Ultrasaundi ya moyo tutairudia akitimiza mwaka. Ukuta wa milimita 13 hautarajiwi kupungua sana kwa miezi mitano, na nilimwambia hivyo asije akavunjika moyo. Kwa sasa kinachomsumbua ni siku za mapumziko, anapokaa na marafiki hadi saa 6 usiku na barakoa inabaki mezani. Tumekubaliana aniletee daftari la siku hizo mbili peke yake.